Redio haiwaki au inajizima: mwongozo wa kutafuta tatizo la umeme kwenye mtandao usio na waya

Kila msimu wa mvua ukianza, maswali kuhusu redio za mlingotini, zile zinazorusha na kupokea intaneti, huwa yaleyale. "Redio ilikuwa nzima, mvua imenyesha usiku, leo haiwaki. Ninunue nyingine?" "Intaneti inakatika kila saa moja jioni, tatizo ni kampuni inayotuuzia?" "Taa ya injekta inawaka lakini huko juu hakuna kitu, redio imekufa?" Maswali yote matatu yana jibu moja: bado hujapima. Redio nyingi zinazoshushwa mlingotini na kutangazwa zimekufa huwa ni nzima. Kilichokufa ni adapta (ndiyo injekta, inayotia umeme kwenye kebo ya mtandao), au kebo imeoza kichwani, au betri imechoka. Fundi akibadilisha redio bila kupima, ile mpya nayo itafuata njia hiyohiyo, na shule au kituo cha afya kitakuwa kimelipa mara mbili.

Mwongozo huu ni wa vifaa vidogo vya nje vinavyopata umeme kupitia kebo ya mtandao, yaani PoE: NanoStation na LiteBeam za Ubiquiti, SXT na LHG za MikroTik, na nyingine za aina hiyo. Unakufaa kama mlingoti wako uko juu ya paa la duka Mbarara, kwenye kituo cha afya kinachotumia sola huko Yumbe, au kwenye shule ya Kasese inayotumia umeme wa Yaka, yaani ule wa Uganda wa kulipia kabla kwa tokeni.

Kabla ya kuanza

Kusanya hivi vyote kwanza. Usipande bodaboda kwenda kwa mteja ukiwa na bisibisi peke yake.

- Multimita ya kidijitali. Ya bei ndogo inatosha, ila betri yake iwe mpya. Multimita yenye betri dhaifu husoma uongo.
- Injekta moja unayojua ni nzima, ya volti sawa na iliyoko kwa mteja.
- Kebo fupi ya mtandao, mita 1 au 2, ambayo umeshaijaribu.
- Vichwa vya RJ45 kumi au zaidi, koleo ya kubania, na kipima kebo chenye taa nane.
- Balbu ya lori ya volti 24, wati 5, iliyoungwa waya mbili. Kampala utaipata Kisekka, na kwingine duka lolote la vipuri vya magari litakuwa nayo.
- Kiunganishi cha kuungia kebo mbili zenye vichwa vya RJ45.
- Tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ya kuzuia maji.
- Mkanda wa usalama, ngazi imara, na mtu wa pili wa kubaki chini.
- Daftari.

Halafu jitengenezee mikia miwili ya kupimia. Bila hii, kazi yote ni kubahatisha.

*Mkia wa kwanza.* Kata kebo ya sentimita 30, bana RJ45 upande mmoja kwa mpangilio wa rangi uitwao T568B. Upande wa pili menya, kisha sokota waya wa buluu na wa buluu-nyeupe pamoja, na wa kahawia na wa kahawia-nyeupe pamoja. Nne zilizobaki (machungwa na kijani) zikate fupi na uzifunge tepu. Ukichomeka mkia huu kwenye injekta, buluu ni chanya na kahawia ni hasi.

*Mkia wa pili.* Chukua kebo ya nusu mita yenye RJ45 pande zote. Katikati ondoa ganda la nje kama sentimita 10. Jozi ya kahawia imenye kidogo tu, shaba ionekane. Jozi ya buluu ikate, kisha uiunge tena kwa konekta ya skrubu, ile ya plastiki nyeupe ya mafundi wa umeme. Mkia huu unakaa kati ya injekta na redio, kwa hiyo unapima volti wakati redio inafanya kazi, na ukilegeza konekta unaweza kupitisha multimita na kupima ampea.

Mambo manne ya kujua, basi

Kwanza, PoE ziko za namna mbili. Ile rahisi, ambayo injekta ndogo nyingi hutumia, inapeleka volti 24 moja kwa moja kwenye pini 4 na 5 (chanya) na 7 na 8 (hasi), bila kuuliza kama kilichochomekwa kinataka. Ile ya viwango vya 802.3af na 802.3at hutumia volti kama 48, na haitoi umeme mpaka kifaa kijitambulishe. Kwa hiyo ukichomeka mkia wa kwanza kwenye swichi ya mtandao ya namna ya pili, multimita itaonyesha sifuri, au volti kidogo zinazopandapanda na kushuka. Haijafa hiyo, inasubiri kifaa.

Pili, 802.3af inatoa hadi wati 15.4 kwenye swichi, na 802.3at hadi wati 30. Kifaa cha volti 24 ukikipa volti 48 za moja kwa moja, umekiunguza. Soma lebo ya kifaa na lebo ya adapta, zote mbili, kila mara.

Tatu, data ya kasi ya megabiti 100 hupita kwenye jozi za machungwa na kijani, umeme wa injekta ya kawaida ya volti 24 hupita buluu na kahawia. Ndiyo maana redio inaweza kuwaka vizuri huku data haipiti kabisa.

Nne, waya unakula volti. Kadiri redio inavyovuta ampea nyingi na kebo inavyokuwa ndefu, ndivyo volti zinazofika juu zinavyopungua. Redio huvuta zaidi inapowaka na inapotuma data nyingi, na hapo ndipo umeme dhaifu huonekana.

Hatua kwa hatua

1. Uliza kwanza. Tatizo lilianza lini? Baada ya mvua, baada ya umeme kurudi, au baada ya mtu kupaka rangi ukuta? Linatokea saa zilezile? Tokeni za Yaka zimebaki ngapi? Usicheke hilo la mwisho: ukiwa mbali na mteja, ndilo swali la kwanza la kuuliza kwa simu. La pili ni kama kuna mtu amechomoa adapta ili achaji simu, au amezima swichi ya soketi ukutani.

2. Hakikisha ni umeme. Kama redio inawaka, ingia ndani yake na uangalie ni muda gani tangu iwake. Kwenye airOS, programu ya redio za Ubiquiti, utaona Uptime ukurasa wa kwanza. Kwenye MikroTik andika `/system resource print`. Mteja akisema intaneti imekatika mara tano leo, na redio inaonyesha imewaka siku 40 mfululizo, acha umeme. Tafuta kwenye ishara, kwenye data, au kwa anayeuza intaneti. Ikionyesha dakika 12, uko mahali sahihi. Kwenye MikroTik angalia pia logi: ujumbe wa "router was rebooted without proper shutdown" maana yake umeme ulikatika ghafla. Ukifuatiwa na maneno "by watchdog timer", kifaa kilikwama na kujiwasha chenyewe, na hapo adapta inaweza isiwe na kosa. Vifaa vingine vya MikroTik husoma hata volti vinavyopokea, kwa `/system health print`. Ukipata namba hapo, umeokoa safari ya juu.

3. Anzia ukutani. Weka multimita kwenye AC, kipimo cha 600 au 750, upime soketi. Umeme wa Uganda unatakiwa kuwa volti 240. Mwisho wa laini ndefu vijijini, jioni watu wakiwasha taa na kupika, utakuta umeshuka sana. Angalia lebo ya adapta: ikiandikwa 100–240V, kushuka huko haisumbuki nako. Zile adapta nzito za zamani zenye transfoma ndani ndizo huzimia jioni. Chunguza pia ekstensheni. Soketi iliyolegea, yenye alama nyeusi ya kuungua, inatosha kuwasha na kuzima redio kila mtu anapopita na kuigusa.

Onyo: hapa unashika umeme unaoua. Ncha za multimita ziwe nzima, vidole nyuma ya kizuizi chake, na usipime umesimama kwenye sakafu yenye maji.

4. Pima injekta ikiwa tupu, halafu ikiwa na mzigo. Chomoa kebo inayokwenda juu. Chomeka mkia wa kwanza kwenye tundu lililoandikwa POE. Multimita iwe DC, kipimo cha 200. Injekta nzima ya volti 24 itasoma karibu 24. Wengi huishia hapo na kusema "adapta ni nzima", na hapo ndipo wanapopotea. Adapta ambayo kapasita zake zimechoka husoma 24 safi ikiwa haina kazi, kisha huanguka redio inapovuta.

Kwa hiyo unga balbu ya wati 5 kwenye mkia, subiri sekunde tano, upime tena. Balbu ikiwa baridi huvuta mara kadhaa zaidi kwa kitambo kidogo, kwa hiyo kupepesa mara moja mwanzoni si kosa. Baada ya hapo mwanga utulie na volti zisishuke zaidi ya nusu volti au volti moja. Zikianguka hadi 20 au 18, au balbu ikiwa inapumua, kukolea na kufifia, adapta hiyo itupe. Usimpe mteja mwingine "kwa muda".

5. Badilisha injekta kwa ile unayoiamini. Hata kama balbu imefaulu. Ni dakika mbili, na inafunga mjadala. Hakikisha kebo ya juu imeingia POE na kebo ya kompyuta au ruta imeingia LAN. Zikibadilishana, redio haitawaka, na volti 24 zitaingia kwenye kadi ya mtandao ya kompyuta, ambayo inaweza kuungua.

6. Pima ampea ukiwa bado chini. Hatua hii inaokoa kupanda kwingi, na mafundi wachache huifanya. Weka mkia wa pili kati ya injekta na kebo ya juu. Zima, legeza konekta ya jozi ya buluu, weka multimita katikati ikiwa kwenye tundu la 10A, kisha washa.

Ukisoma 0.00, umeme hauendi popote: kebo imekatika, kichwa hakishiki, au redio imekufa kabisa. Ukisoma kati ya 0.15 na 0.35, redio ndogo inakula kama kawaida, na tatizo lako huenda ni data. Ikiwa namba inaruka juu kisha adapta inapepesa taa yake bila kukoma, kuna shoti. Hapo chomoa kebo kwenye injekta: taa ikitulia, shoti iko kwenye kebo au redio.

Onyo kubwa: ukimaliza, rudisha waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la volti papo hapo. Ukisahau na kwenda kupima soketi ya ukutani ukiwa kwenye 10A, umeunga shoti mkononi mwako. Multimita nyingi hufa hivyo, na mikono huungua hivyo.

7. Panda na upime juu, redio ikiwa inawaka. Panda asubuhi. Sehemu nyingi za nchi mawingu ya radi hujijenga mchana. Kandokando ya Ziwa Victoria radi huja hata usiku na alfajiri, kwa hiyo tazama anga kabla ya saa. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, shuka.

Mtu wa chini azime. Toa kebo kwenye redio, weka kiunganishi na mkia wa pili, unganisha tena, awashe. Pima kati ya buluu na kahawia. Kwa redio inayokula wati 8 na kebo nzuri ya shaba ya Cat5e, kutoka injekta ya volti 24, utegemee karibu hivi:

- mita 30: volti 23
- mita 60: volti 22
- mita 90: volti 21

Ukikuta 18 au 19 kwenye mita 90, kebo ni mbovu au si shaba. Ukikuta volti zinaruka wakati redio inatuma, kichwa hakishiki. Fungua ukurasa wa redio kwenye simu, anzisha jaribio la kasi, na uangalie multimita wakati huohuo. Umeme dhaifu hujificha redio ikiwa imetulia.

8. Shusha redio na uijaribu kwa kebo fupi. Kama hatua ya 6 ilikupa 0.00, au juu hakuna volti, usihukumu redio mlingotini. Ishushe, chomeka injekta nzima na kebo fupi. Ikiwaka, redio haina kosa, rudi kwenye kebo. Isipowaka, na injekta na kebo fupi umeshazithibitisha, sasa unaweza kusema imekufa.

9. Shughulikia kebo. Kata sentimita 20 kila upande, umenye, utazame. Shaba iwe ya rangi yake, inang'aa. Ikiwa na ukijani au weusi, kata tena mpaka ufike penye usafi. Kutu hula zaidi pini za chanya, 4 na 5, kwa sababu umeme wa DC ukipita kwenye unyevu huila shaba ya upande wa chanya. Ukikuta kichwa ambacho pini hizo mbili zimekuwa kijani na nyingine sita ni safi, umeshapata mkosaji, na umejua pia kwamba maji yanaingia.

Kosa moja linalodanganya sana: waya mmoja wa buluu ukikatika, redio bado itawaka, kwa sababu wa pili unabeba. Lakini ukinzani wa upande ule umekuwa mara mbili, na redio inajizima ikianza kutuma. Kipima kebo chenye taa nane kitaonyesha taa moja haiwaki. Fundi atasema "si inawaka?" na kuiacha. Usiiache.

Kebo ikishuka kutoka mlingotini, iache ining'inie chini kidogo kabla ya kuingia kwenye redio au ukutani, maji yadondokee pale chini badala ya kufuata kebo hadi kichwani. Funga tepu ya mpira. Silikoni inayonuka kama siki usiitumie karibu na shaba, asidi yake inaila.

10. Hakikisha kebo ni ya shaba. Maboksi mengi yanayouzwa kwa bei rahisi ni waya wa alumini uliopakwa shaba, na mara nyingine yameandikwa CCA kwa herufi ndogo. Kwangua waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini. Kipimo cha uhakika zaidi ni cha multimita, na unaweza kukifanya dukani kabla ya kulipa. Boksi la mita 305 lina ncha mbili. Kwenye ncha moja sokota waya mbili za jozi moja pamoja, kwenye ncha ya pili pima omu kati ya hizo mbili. Shaba ya Cat5e itasoma karibu omu 51, na ikifika 57 bado inakubalika. Ikisoma 75 au 80, hiyo si shaba. Muuzaji akikataa usipime, nenda duka la pili. Kwa umbali wa mita 15 ndani ya nyumba alumini inaweza kuvumilika, lakini kwa mita 60 kupanda mlingoti, mvua na jua, hapana.

11. Rudisha, andika, ondoka. Andika kwenye daftari: volti tupu, volti chini na mzigo, volti juu na mzigo, ampea, tarehe. Miezi sita baadaye utakaporudi, namba hizo ndizo zitakazokuambia kama kebo inaoza polepole.

Kama unatumia sola

Hapa matatizo yana saa zake. Redio inayozima kabla ya alfajiri na kurudi jua likichomoza inakuambia betri haifiki asubuhi: kontrola ya sola imekata mzigo ili kuilinda. Pima betri ya volti 12 ya asidi asubuhi na mapema, paneli ikiwa haijaanza kuchaji na ikiwa imepumzika bila mzigo kwa muda. Ikiwa 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imechoka. Ikisoma 12.6 ikiwa imepumzika kisha ikaanguka hadi 11 mara tu ukiunga mzigo mdogo, betri yenyewe imezeeka. Kuongeza paneli hakutaiponya.

Fanya hesabu kabla ya kulaumu kifaa. Redio ya wati 8 na ruta ya wati 5 ni wati 13. Mara saa 24 ni wati-saa 312, sawa na ampea-saa 26 kwenye betri ya volti 12. Betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo siku moja inataka ampea-saa 52, na ukitaka ihimili siku mbili za mawingu, weka 100. Paneli: ukihesabu saa 4.5 za jua kamili na upotevu wa theluthi moja, wati 100 ndiyo chini kabisa, wati 150 inakupa nafasi ya kurudisha chaji baada ya siku za mvua. Kisha uwaambie wenye kituo kwamba kila simu inayochajiwa hapo inakula hesabu hii.

Kulisha redio ya volti 24 moja kwa moja kutoka betri ya 12 kupitia kebo ndefu ni kosa la mara kwa mara. Redio ya wati 8 kwenye mita 100 kwa volti 12 haiwezekani hata kwa hesabu: volti zinapopungua redio huvuta ampea zaidi, kebo inakula zaidi, mpaka inazima. Tumia kipandisha volti cha DC, cha 12 kwenda 24, kilicho kwenye boksi kavu, na fyuzi ya ampea 2 au 3 karibu na betri. Inveta kwa ajili ya redio moja ni hasara, yenyewe inakula wati kadhaa usiku kucha bila kufanya lolote.

Upande mwingine: benki ya betri za volti 24 ikichaji hupanda hadi 28.8 au zaidi mchana. Kama lebo ya kifaa inasema mwisho ni 28, usikiunge moja kwa moja. Weka kidhibiti kinachotoa 24 iliyotulia.

Radi na umeme unaporudi

Hakuna kifaa kinachozuia radi iliyopiga mlingoti wenyewe. Unachoweza kuzuia ni ile iliyopiga jirani. Mlingoti wa chuma uungwe kwenye fimbo ya athi iliyopigwa ardhini angalau mita 1.5, kwa waya mnene wa shaba wa njia fupi, usio na kona kali. Athi ya mlingoti na athi ya umeme wa jengo ziungwe pamoja. Zikiwa mbili zisizojuana, radi ikipiga karibu, tofauti ya volti kati yake hupita kwenye kebo yako ya mtandao. Kilinda-radi cha PoE kinasaidia tu kikiwa na athi, bila athi ni pambo.

Kwa umeme wa kawaida, adui ni ile dakika unaporudi. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, kinalinda adapta pia. Mwenye jengo asipotaka kununua, mfundishe achomoe adapta umeme ukikatika na airudishe taa zikishatulia. Mvua ya radi ikikaribia, achomoe adapta na kebo inayotoka nje, vyote viwili, kabla haijafika.

Dalili na pa kutazama

*Taa ya injekta inawaka, redio haiwaki.* Hatua ya 6. Taa hiyo inaonyesha adapta ina umeme, haisemi lolote kuhusu kebo.

*Redio inawaka, data haipiti.* Jozi ya machungwa au ya kijani. Bana vichwa upya. Baada ya radi, tundu la mtandao la redio linaweza kuungua huku sehemu nyingine ikiwa nzima.

*Inajizima watu wakiwa wengi mtandaoni.* Adapta iliyochoka, waya mmoja uliokatika, au kebo ya alumini. Hatua ya 4, 7, 9 na 10 kwa mpangilio huo.

*Inajizima kila jioni.* Pima soketi saa moja hadi saa tatu usiku. Kwenye sola, betri.

*Inajizima mvua ikinyesha, ikikauka inapona.* Maji kwenye kichwa cha RJ45 juu. Usisubiri, pini zinaliwa.

*Umeongeza redio ya tatu kwenye swichi, zote zikaanza kujizima.* Jumlisha wati za redio zote na ulinganishe na adapta ya swichi. Adapta ya volti 24, ampea 1.2, ina wati 28.8 tu, na swichi yenyewe inakula sehemu yake.

*Adapta inanguruma au ina joto lisiloshikika.* Ibadilishe leo.

*Kila kitu kimepimwa, kebo fupi, injekta nzima, na redio haiwaki.* Acha ichomekwe dakika tano, halafu ipime ampea. Ikisoma 0.00 au shoti, saketi ya umeme ndani imeungua. Ikisoma kiasi cha kawaida lakini taa zimekwama, huenda ni programu yake iliyoharibika, na hiyo inarejeshwa kwa TFTP kwenye Ubiquiti au Netinstall kwenye MikroTik. Jaribu hilo kabla ya kumwambia mteja atafute pesa ya redio nyingine.